Safari ya Mtinko, na Habari za Ua Mfupi

Mwezi huu twapenda kuwaeleza safari yetu ya Mtinko, kaskazini ya mji wa Singida. Hatukwenda kwa kazi ya kufundisha, bali kwa shauri la nyumbani. Mwenye mwiba mguuni humtafuta mwenye sindano hata akiwa mbali, nasi tulikuwa na mwiba wetu.

Nyumba yetu imezungukwa na ua wa minyaa. Baba yetu aliupanda kwa mkono wake, naye siku zote za uhai wake aliukata kila mwaka. Alipofariki, sisi tuliuacha, tukisema tuna kazi nyingine. Ua ukawa msitu. Juu matawi yalisongamana kupita kimo cha paa, na chini yakabaki mashina matupu, hata mbuzi wa jirani wakapita katikati yake kama wapitao mlangoni. Mwezi wa Juni tuliona aibu. Tukatwaa panga wakati wa adhuhuri, tukaanza kuyakata yale ya juu, na mtoto wetu mwenye umri wa miaka minane akawa anayakusanya chini yetu. Upepo ulikuwa mkali, kama ilivyo desturi ya Singida miezi hiyo. Tawi moja likakatika juu ya vichwa vyetu, upepo ukarusha utomvu wake, ukamwingia mtoto katika jicho la kushoto.

Kosa lilikuwa letu, wala si la mti. Tena tukaongeza kosa juu ya kosa, maana tulisimama tukiuliza majirani dawa. Mmoja akasema mafuta, mwingine akasema majani fulani, na mtoto yuaendelea kulia. Ndipo mama yake akamlaza ubavu, akalifungua jicho kwa vidole, akamwagia maji safi ya mtungi polepole, bila kukoma, hata mtungi ukaisha, akaanza wa pili. Kisha tukaenda hospitali. Huko jicho likaoshwa tena, akapewa dawa, nasi tukaambiwa kwamba maji yale ya mama ndiyo yaliyosaidia kuliokoa. Siku tatu mtoto hakuona kwa jicho lile ila ukungu. Siku ya kumi likapona. Mungu ashukuriwe.

Lakini mioyo yetu haikupona upesi hivyo. Tulisema, "Ua huu tutaung'oa wote, shina na mizizi." Mama watoto akatutazama, akauliza, "Baba watoto, ukiung'oa, utaweka nini mahali pake?" Hatukuwa na jibu. Basi mwalimu mmoja rafiki yetu, aliyepata kufundisha pande za Mtinko, akatuambia, "Huko yuko mzee mwenye ua wa minyaa usiopita kifua cha mtu, nao ni kijani mwaka mzima, na wajukuu wake hucheza kando yake. Nendeni mkamwone kabla hamjatwaa shoka."

Tukaondoka mwezi wa Agosti, sisi na mtoto yule, tukashika njia ya Ilongero. Msomaji asiyeijua nchi yetu na aelewe kwamba Singida mvua huja kwa msimu mmoja tu. Huanza Novemba au Desemba, hukoma Aprili au Mei, na baada ya hapo hatutazamii tone. Mwezi wa Agosti mashamba yote yamekwisha vunwa. Mabua ya mtama na uwele yamelala, na vichwa vya alizeti vimekwisha pigwa. Udongo ni kichanga chekundu na cheupe, na katikati yake yamesimama majabali makubwa, mengine yamepandana kama magunia yaliyowekwa na mtu. Migunga imepukutisha majani. Upepo huinua vumbi, na macho hutafuta mahali pa kutulia.

Hapo ndipo tulipouona mnyaa kwa macho mapya. Kila mji tulioupita ulijulikana kwa mbali kwa mstari wake wa kijani. Nyumba zenyewe zina rangi ya udongo, wala hutambui upesi kama ni nyumba au kichuguu, lakini ua wake wakuonyesha kwamba hapa pana watu. Wengine wameuzungushia zizi, wengine shamba, wengine makaburi ya wazee wao. Nyua nyingine zilikuwa zimekatwa vizuri. Nyingine, ole wetu, zilifanana na ule wetu.

Yafaa tueleze jinsi mti huu unavyokaa kijani wakati miti mingine imekauka. Mnyaa una majani, lakini ni madogo sana, nayo huanguka upesi. Watu wengi hawajapata kuyaona. Vijiti vyake vya mviringo, vyenye unene wa kalamu, ndivyo vifanyavyo kazi ya majani. Wataalamu wamechunguza wakaona kwamba vijiti hivyo hufungua vitundu vyake vya kupumulia usiku kukiwa na baridi, na kuvifunga mchana wakati wa jua kali, ili maji yasipotee. Hivyo mti huu hufanya kama mama mwenye akili, afungaye mtungi wake jua linapochomoza.

Jina lake la kitaalamu ni Euphorbia tirucalli, alilopewa mwaka 1753 na Linnaeus, bingwa wa Sweden, na neno la pili latokana na jina walilouita watu wa Malabar, pwani ya kusini-magharibi ya India. Wamasai huuita emanyara, na watu husema kwamba Ziwa Manyara lilipata jina lake kwa mti huu. Waswahili wengine huuita mtupa mwitu, na jina hilo latosha kuwa onyo, kwa kuwa utupa ni sumu ya kulevyea samaki. Hata Melvin Calvin wa Marekani, aliyepata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1961, aliushughulikia baadaye. Aliona katika utomvu wake vitu vilivyo jamii moja na mafuta ya mitambo, akashauri mimea ya namna hii ilimwe kwa ajili hiyo. Basi maziwa yale si maji tu ya mti, ni kitu chenye nguvu.

Tulifika Mtinko alasiri, tukaonyeshwa njia ya kwenda kwa yule mzee. Kweli, ua wake tuliuona kabla ya nyumba. Ulikuwa umeizunguka nyumba pande tatu, nao umesongamana tangu chini hata juu, hata kuku asingepenya. Juu yake ulikuwa sawasawa kama meza, na kimo chake chafika kifuani petu. Mtoto wetu alipouona alisimama nyuma yetu akatushika nguo. Hatukumkemea.

Tukapiga hodi. "Karibuni, karibuni ndani." Tukasema, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba, mwalimu. Habari za huko mtokako?" Baada ya maji na mazungumzo ya mvua na mavuno, tukamweleza shida yetu yote, wala hatukuficha kosa letu. Alisikiliza hata mwisho, kisha akamwita mtoto, akamtazama jicho. Akasema, "Wewe umepona. Ndugu yangu mkubwa hakupona. Alikata mnyaa mrefu akiwa juu ya kigogo, akitazama juu, na maji yalikuwa mbali kisimani. Alizeeka akiwa na jicho moja. Tangu siku ile baba yetu alitoa amri katika mji wake, kwamba mnyaa usikue kupita kifua cha aukataye."

Tukanyamaza kidogo, kisha tukauliza, "Na kwa nini hakuung'oa?" Mzee akacheka. "Mwalimu, ukiung'oa, mbuzi watakula nini kwanza? Watakula mchicha wa mkeo. Kisha utakwenda porini kukata miiba, ufanye boma. Miiba hiyo mchwa wataila, na mwaka wa pili utakwenda tena, utakata migunga mingine, hata utafika mahali pasipo mti. Mwanangu alitaka kuweka waya. Waya ni fedha, na nguzo zake ni chakula cha mchwa. Tena ua huu ni shahidi wangu. Jirani yangu na mimi hatujagombana juu ya mpaka, kwa kuwa mpaka umeota mizizi. Ukiung'oa ua wa baba yako, mwaka wa tatu mtakuwa barazani mbele ya wazee, kila mtu akionyesha kwa kidole mahali pake."

Ndipo akatuongoza nje, akatufundisha kwa matendo. Mafundisho yake twayaandika hapa kwa mpango, ili kila nyumba ipate kuyatumia.

Kwanza, habari ya kupanda. Vijiti vikatwe urefu wa mkono tangu kiwiko hata vidole, vilazwe kivulini siku chache hata jeraha likauke na maziwa yakome. Maana kijiti kibichi kikifukiwa papo hapo huoza. Vipandwe mwanzo wa mvua, kijiti na kijiti kiwe shubiri moja, katika mistari miwili, na vya mstari wa pili vielekee nafasi za mstari wa kwanza. Ua usiwe karibu na mlango, wala kisima, wala njia wanayopita watoto mbio. Mzee ameacha hatua sita kati ya ua na nyumba.

Pili, habari ya kuufanya mfupi. Wengi huuacha ukue kwanza hata ufike kimo wanachotaka, ndipo waukate. Hilo ni kosa. Ukifika magotini ukatwe ncha, upate kutoa matawi chini. Ukiongezeka shubiri nyingine ukatwe tena. Tena chini uwe mpana kuliko juu, ili mwanga ufike miguuni pake. Ua uliopanuka juu hujitia kivuli wenyewe, na chini hufa. Ndiyo maana ule wetu ulikuwa mlango wa mbuzi. Baada ya miaka ya kwanza, kazi ni mara mbili kwa mwaka tu.

Tatu, habari ya kukata. Aukataye asimame, upepo ukiwa mgongoni mwake, wala asikate siku ya upepo mkali. Avae nguo ya mikono mirefu na kofia, na miwani akiwa nayo. Asikate kitu kilicho juu ya kidevu chake. Maji safi yawe karibu kabla panga halijaguswa. Watoto wawe mbali, wala wasiokote matawi hata yamekauka. Baada ya kazi mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa uso.

Hapo tulifahamu jambo ambalo hatukulifikiri kabla. Sisi tulidhani ufupi wa ua ni uzuri tu, kama nywele zilizochanwa. Kumbe ufupi wake ndio usalama wake. Mnyaa mrefu hukatwa kwa kuinua uso, na kila tone lake huanguka machoni; mnyaa mfupi hukatwa kwa kuinamisha uso, na tone lake huanguka chini. Mti ni mmoja, sumu ni moja, na tofauti ni kazi ya mkono.

Mzee hakutuficha upungufu wa ua huo. Alisema kwamba ua wa kifua wafaa nyumba na bustani, lakini zizi la ng'ombe lataka kitu kirefu zaidi, nalo liwekwe mbali na mahali pa kuchezea watoto. Tena alionya juu ya wale waunywao utomvu huu kuwa dawa. Nasi twaongeza kwamba wachunguzi wa maradhi wameuhusisha utomvu wa mnyaa na uvimbe wa Burkitt, saratani iwapatayo watoto wa Afrika. Ingawa uchunguzi wao haujamaliza maswali yote, mwenye akili hatangoja umalizike ndipo auweke mbali na midomo ya watoto.

Karibu na mlango wake hakupanda mnyaa hata mmoja. Hapo pana mshubiri, ambao haupiti magoti, wala hautaki panga. Mama wa nyumba ile alituonyesha pia kichaka kidogo cha rosimari, alicholetewa na binti yake kutoka mjini. Asili ya mmea huu ni pwani za bahari ya Mediterania, kwenye mawe na kiangazi kirefu, na kwa sababu hiyo kichanga chetu chaufaa. Ukikatwa mara kwa mara hukaa chini ya magoti, majani yake hayapukutiki, na hunukia vizuri nyamani. Hutaka maji ya mkono mwaka wa kwanza. Baadaye huchukia maji mengi.

Nchini Kenya wengi hupenda kayaba, mti wa miiba uliotoka kusini ya Afrika. Huo nao ni kijani mwaka mzima, huvumilia ukame, nao hauna maziwa yaumizayo macho. Matunda yake ya manjano ni makali, lakini hufanya jamu njema. Upungufu wake ni kwamba hukua polepole, na miiba yake ni mirefu. Mwenye haraka utamchosha. Lakini mahali penye watoto wadogo sana, tungeushauri.

Twawaonya wasomaji juu ya mimea miwili ipendwayo kwa maua yake. Taji la miiba, kichaka kifupi kilichotoka Madagaska, ni jamaa wa mnyaa, na utomvu wake huumiza vivyo hivyo. Oleanda, yenye maua mekundu au meupe, ni sumu tangu jani hata mzizi, kwa watu na kwa wanyama. Usiipande mahali mbuzi wafikapo, wala usikubali watoto wafanye vijiti vya kuchomea nyama kwa matawi yake.

Labda mtu atauliza, "Je, hakuna mti uliozaliwa mfupi, usiohitaji kazi?" Huko Ulaya bustani za wafalme zilipambwa kwa mti mdogo uitwao boksi, uliokatwa ukawa mfupi kama kingo za baraza. Lakini hata huo ulikaa hivyo kwa mkasi wa watu wengi. Tena katika miaka ya 2000 nondo mmoja kutoka Asia ya Mashariki aliingia Ulaya, na viwavi wake wamemaliza nyua nyingi za mti huo, kwa kuwa watu walikuwa wameutegemea peke yake. Basi hata sisi tusiwe na mti mmoja tu nyumbani. Mnyaa uwe mpakani, mshubiri mlangoni, kayaba penye watoto.

Tulilala kwa mzee usiku ule. Asubuhi, upepo ukiwa haujaanza, alimwita mtoto wetu, akamsimamisha mbali upande upepo utokako, akampa kazi ya kushika kata ya maji. Akasema, "Wewe ndiwe mlinzi wetu. Mimi nikisema maji, uje." Kisha akakata sehemu ndogo ya ua mbele yake. Hakuna lililotokea, wala maji hayakuhitajiwa. Lakini mtoto alisimama na kata ile mikononi bila kuondoa macho yake, na tuliporudi hakutushika nguo tena.

Nyumbani tulimwambia mama watoto, "Hatutaung'oa." Akajibu, "Nilijua. Lakini nani ataukata?" Swali lake lilikuwa la haki. Basi tuliugawa ua wetu mafungu matatu, kama mzee alivyoshauri, tulikate fungu moja kila mwaka. Mashina ya zamani hukatwa chini, kimo cha magoti, kwa panga lenye mpini mrefu, yakianguka nje ya mji. Nayo huchipua upya. Fungu la kwanza tulilikata mwezi wa Septemba, siku mbili za utulivu, na mtungi wa maji kando yetu. Kwa miezi michache upande ule ulikuwa wazi, mbuzi wakaingia, majirani wakatucheka. Tulivumilia. Mvua ilipokuja mwezi wa Desemba, kila kisiki kilitoa vijiti vipya, na nafasi zilizokuwa tupu tulizijaza vijiti vilivyokwisha kauka jeraha.

Ndugu wasomaji, labda nyumbani kwenu pana ua ulioachwa na baba au babu, nao umewapita kimo. Msiuogope hata kuung'oa, wala msiuzoee hata kuuacha. Chagueni siku isiyo na upepo, wekeni maji karibu, watoto wawe mbali, mwanze fungu moja. Na ninyi walimu, penye ua wa minyaa shuleni, wafundisheni watoto jambo hili moja kabla ya mengine yote: utomvu ukimwingia mtu jichoni, asisugue, wala asingoje dawa ya mtu, bali aoshwe kwa maji safi papo hapo, robo saa nzima au zaidi, kisha apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama asema maumivu yamepungua. Maana maumivu ya mnyaa huweza kuzidi baada ya saa nyingi.

Mtoto wetu sasa ana mshubiri wake mwenyewe kando ya mlango, aliopewa na mzee wa Mtinko. Na kila tukatapo ua, kata ya maji huishika yeye.